Haikuwa Moshi

Nilikuwa nawafundisha darasa la pili kusoma kwa kufuatisha. Mimi nasoma sentensi, wao wanaipokea kwa pamoja. Siku hiyo nilisoma, "Mkulima alimfunga mbuzi wake kwenye mti," na darasa zima likapokea, "Mkulima alimfunga, hee, mbuzi wake, hee, kwenye mti." Nikadhani ni utundu. Nikarudia, nao wakarudia vilevile, na ile hee yao. Nikawafokea, nikauliza nani ameanzisha mchezo huo. Msichana wa dawati la mbele akasimama, akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, tunasoma kama ulivyosoma."

Hawakuwa wakinidhihaki. Nilikuwa nimesimama mahali pamoja, kitabu mkononi, nikisoma sentensi ambayo mtoto huimaliza kwa pumzi moja, na mimi pumzi ilikuwa inanikatikia njiani.

Nilijiambia nimechoka tu. Shule yetu iko Marangu, juu ya nyumbani kwetu, na kila asubuhi nilikuwa napanda ile njia ya migombani nikipiga soga na walimu wenzangu. Sasa nilikuwa nasimama kila baada ya kona, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu, hadi wenzangu watangulie. Moyo ulinipiga mpaka masikioni. Jasho lilinitoka wakati wengine wamevaa masweta. Nilikuwa nakula kama mtu anayetoka kulima, na bado sketi zilikuwa zinanishuka kiunoni, nazibana kwa pini.

Nikaenda zahanati. Tabibu alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akaniuliza, "Nyumbani mnapikia nini?"

"Kuni."

"Jiko liko ndani?"

"Liko ubavuni mwa nyumba. Ni jiko la mama mkwe."

"Basi ni moshi, mwalimu. Hiyo ni pumu inaanza."

Akanipa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akanionyesha namna ya kuitumia, akanisisitiza nikae mbali na moshi. Simlaumu. Foleni ilikuwa imetoka hadi nje, watoto wanalia, na mtu mwenye pumzi fupi anayetoka kwenye nyumba ya kuni hahitaji kufikiriwa sana. Mimi mwenyewe nilitoka pale nimefarijika. Ugonjwa ulikuwa na jina, na ulikuwa na mahali ulipotoka.

Mahali penyewe palikuwa jiko ambalo mama mkwe wangu alilikuta alipoolewa. Lilikuwa nyumba kamili, kuta za mbao zilizokolea masizi hadi zikang'aa kama zimepakwa mafuta. Katikati yalikuwapo mafiga. Upande mmoja alilala ng'ombe wake wa maziwa, akila majani na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa. Juu darini ziliivia ndizi za kutengenezea pombe ya mbege, na mahindi ya mbegu yalining'inia humo bila kuguswa na wadudu. Humo ndimo alimozalia watoto wake wakubwa. Humo ndimo wanawake wenzake wa kanisani walimokuja kukaa mchana, wakimenya ndizi na kuongea Kichagga cha haraka, mimi nikidaka neno mojamoja. Nilikulia mjini Moshi, kwenye mkaa na maji ya bomba. Kichagga changu ni cha salamu.

Na humo ndimo yeye alimonipikia nilipojifungua binti yangu. Desturi ya huku mzazi halali njaa wala hashiki jembe, lakini si kila mkwe anaitimiza. Yeye aliitimiza. Alinilisha mtori wa ndizi na nyama, akaninywesha kitawa cha maziwa mgando na ndizi, akaniosha mgongo kwa maji ya moto, na kila nilipotaka kuinuka alinirudisha kitandani: "Lala. Kazi utazikuta." Alikuwa akiingia chumbani na bakuli, nguo zake zikinuka moshi, na nilikuwa napenda harufu ile. Najikumbusha jambo hili mara nyingi, kwamba niliwahi kuipenda.

Mume wangu ni mwongozaji wa watalii mlimani. Anapanda, anakaa huko juu siku kadhaa, anarudi midomo imepasuka kwa baridi. Aliporudi safari hiyo alinikuta nimekaa kizingitini nikihema, na nilikuwa nimetoka tu kuanika nguo.

"Kule juu mtu akipumua hivi tunamshusha," alisema. "Sasa wewe nikushushe wapi?"

Nikamweleza habari ya moshi. Akafikiri, akasema labda sisi tuhamie vyumba vya upande wa pili, au Mama apikie nje siku zisizo na mvua. Alikuwa anatafuta njia ya katikati, kama mtoto yeyote wa kiume mwenye mke na mama kwenye kihamba kimoja, shamba moja la ukoo. Nikamkatiza.

"Ama jiko litoke, ama mimi nirudi kwa mama yangu."

Sikuwa nimepanga kulisema. Siku zile maneno yalinitoka kabla sijayatazama. Nilikuwa nimemchapa mtoto kwa kumwaga maziwa, na nilikuwa nimemjibu mwalimu mkuu kwa namna ambayo ofisi nzima ilinyamaza. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba hasira zile nazo zilikuwa dalili. Nimejaribu kuegemea hapo. Nikifika kwenye ile sentensi hapanishiki, kwa sababu ilikuwa sentensi ya mtu mwenye akili zake. Nilijua inagusa wapi.

Tulimwambia Mama Jumapili baada ya ibada. Mume wangu ndiye aliyeongea, macho yake yapo kwenye viatu. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, ni moshi kweli?"

"Ndivyo walivyosema hospitali, Mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kama ni moshi, moshi utoke. Siwezi kukaa napika huku mtu anakosa hewa."

Likabomolewa. Mume wangu na majirani wawili walianza na bati, wakaja kwenye mbao. Mama alitoa vyungu vyake mwenyewe, akavipanga chini ya mgomba, akarudi kuokota misumari, akawa anainyoosha kwa jiwe. Masizi yaliwapaka wale wanaume hadi meno tu ndiyo yakaonekana, na mmoja akafanya mzaha, na Mama akacheka pamoja nao. Nilikuwa nimejifungia chumbani, dirisha limefungwa, nikivuta ile dawa yangu. Nilisikia kicheko chake nikajiambia, unaona, hajakasirika.

Ng'ombe hakuwa na pa kulala tena. Akauzwa kwa mtu wa kule chini Himo. Siku alipochukuliwa Mama alikuwa ameamua kwenda kupalilia shamba la mbali.

Tukanunua jiko la gesi. Alikuwa analiwasha kwa mkono ulionyooka, uso ameugeuza pembeni, kisha anaruka nyuma. Mara moja tu alisema, "Chakula cha gesi hakina harufu," halafu, kama mtu aliyetukana mbele ya mgeni, akaongeza haraka, "lakini kinaiva upesi, jamani!" Wanawake wenzake walikuja mara moja wakakuta uwanja mtupu. Walikaa sebuleni kwetu kwenye makochi, mikono magotini, wakanywa chai, wakaaga mapema. Hawakurudi.

Haukupita muda Mama akasema anakwenda Pasua, kule mjini Moshi, kwa binti yake, wifi yangu, anayeuza nafaka sokoni na ana watoto wadogo. "Nikamsaidiesaidie," alisema. Aliondoka asubuhi na begi moja. Hakuna aliyemfukuza. Kama ungeuliza mtaani wangekuambia bibi amekwenda kulea wajukuu, na ungeona ni jambo la heri.

Nikabaki nikisubiri kupumua.

Hewa ya nyumba ilikuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa. Nilifungua madirisha yote. Lakini kifua kilizidi kuwa kidogo, kama nguo iliyofuliwa ikasinyaa. Nikilala chali nahisi kitu kimeniegemea kooni, kwa hiyo nililala nimekaa, mito mgongoni. Nikiongea na mzazi shuleni navuta hewa katikati ya jina la mtoto wake. Na ile dawa ya pumu, kila nilipoivuta, mikono ilizidi kutetemeka na moyo ukazidi kwenda mbio, nami nikadhani sijavuta vya kutosha, nikavuta tena.

Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Ningemwambia mume wangu kwamba jiko la mama yake lipo chini na mimi bado nahema? Nilianza kuificha pumzi yangu kama mtu anavyoficha ulevi. Nilijifunza kuhema puani taratibu mbele za watu, kisha nakwenda nyuma ya nyumba kuhema nitakavyo. Uchovu wangu niliusingizia kazi za kusahihisha mitihani. Kukonda kwangu watu walikuwa wameshakupa sababu yao, ule ugonjwa usiotajwa kwa sauti, nilikuwa nawaona wakinitazama kanisani kwa ile huruma ya pembeni, na nikawaacha wadhani wanavyodhani. Hilo lilikuwa rahisi kwangu kuliko ukweli.

Mama alipiga simu kila mwisho wa juma.

"Kifua kinaendeleaje, mwanangu?"

"Kimetulia, Mama. Tangu moshi utoke nalala vizuri." Nilikuwa nasogeza simu mbali na mdomo kila baada ya maneno machache, nivute hewa asinisikie.

"Mungu asifiwe," alikuwa anajibu. "Basi halikuwa bure."

Tulikuwa tunachuma kahawa siku mwili uliponikatalia. Mume wangu alikuwa nyumbani, yuko mti wa pili. Kikapu changu kilimwagika, nikachuchumaa kuokota punje. Nilipotaka kuinuka, miguu haikuinuka. Haikuuma. Iligoma tu, kama ya mtu mwingine. Nikashika mkahawa nikajivuta, nikarudi chini. Hapo pumzi nayo ikapotea kabisa, nikawa natweta mdomo wazi kama kuku wa kiangazi, na hapakuwa tena na mahali pa kujificha.

Aliniinua kwa kwapa. Kiganja chake kilikuwa mgongoni mwangu, na nilijua anausikia moyo wangu kupitia mbavu. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ya kunilaumu, ilikuwa ya mtu aliyeogopa:

"Jiko halipo. Sasa moshi uko wapi?"

Nililia pale chini ya mikahawa. Nikamwambia yote, kwamba sijawahi kupata nafuu hata siku moja.

Tulishuka hospitali mjini Moshi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, hana haraka. Kabla hajagusa kifua aliniambia ninyooshe mikono mbele, akaniwekea karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka kama jani. Akanitazama macho kwa muda. Akasimama nyuma yangu, akaweka vidole vyake kooni, akanipa maji nimeze.

"Shingo hii ilianza lini kujaa?"

Sikuwa nimeiona. Nilidhani ni kwa sababu nimekonda, ndiyo maana shingo inaonekana. Mama yangu mzazi alikuwa na shangazi mwenye rovu, shingo kubwa ya kuonekana na kila mtu, nami nilijua ugonjwa wa shingo ni ule tu.

Wakanitoa damu, na majibu yalipotoka tulirudi wote wawili. Daktari akatueleza kwa maneno ya kawaida. Mbele ya koo kuna tezi inayoitwa thairoidi, na kazi yake ni kuuambia mwili uende kasi gani. Yangu ilikuwa imepitiliza.

"Wewe umekaa kwenye kiti hapo," alisema, "lakini ndani mwili wako unafanya kazi kama mtu anayepanda mlima. Unachoma chakula haraka, ndiyo maana unakula na unakonda. Unataka hewa nyingi, na moyo unakimbia kuisambaza. Halafu misuli inalegea. Umeona miguu. Basi hata misuli ya mbavu, na ule wa chini ya mapafu unaovuta pumzi, nayo inaishiwa nguvu. Unahitaji hewa zaidi, na wa kuivuta amechoka. Ndiyo maana unahema."

"Na mapafu?" mume wangu akauliza.

"Nimeyasikiliza, tumeyapiga na picha. Ni safi."

"Safi," mume wangu akarudia.

Nilikuwa na swali moja tu na nililiuliza nikitazama meza. "Na moshi wa kuni?"

"Moshi haumfai mtu yeyote. Mkipata njia ya kuupunguza, upunguzeni. Lakini ugonjwa huu haukutoka kwenye moshi."

"Hata kidogo?"

Akanitazama, nadhani alishangaa kwa nini nang'ang'ania. "Hata kidogo, mwalimu. Wala si pumu. Ile dawa ya kuvuta iache, ilikuwa inaukimbiza moyo ambao tayari unakimbia."

Akaniandikia vidonge vya kuituliza tezi na vingine vya kuutuliza moyo. Akanionya kwamba nikipata homa au koo likiuma nisisubiri, nirudi mara moja wapime damu, kwa sababu vidonge vile vinaweza kupunguza kinga ya mwili. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa limebaki kwenye lile neno, safi.

Tulikuwa tumeazima gari la mwongozaji mwenzake. Tulipofika Himo, kabla ya kukata kona ya kupanda Marangu, hakuna kati yetu aliyegeuza shingo upande wa tambarare, ambako ng'ombe aliuzwa. Tulipoanza kuingia kwenye migomba mume wangu akasema, "Mama tusimwambie."

"Kwa nini?"

"Ameshazoea kule. Tukimwambia itamsaidia nini? Itamuumiza tu."

Nilisema sawa. Nilisema haraka, na nilishukuru kwamba yeye ndiye aliyetangulia kulisema.

Dawa zilifanya kazi yake polepole. Kwanza moyo ulitulia, nikawa naweza kukaa bila kuusikia. Halafu usingizi. Halafu asubuhi moja, baada ya wiki nyingi za vidonge, niligundua nimefika kwenye geti la shule nikiwa katikati ya hadithi, nimeisimulia tangu nyumbani na sijaikata. Mwenzangu alikuwa anacheka kwa sababu ya hadithi. Nilikuwa nimesahau kuhema, na jambo la kwanza lililonijia halikuwa furaha. Lilikuwa sura ya Mama ananyoosha misumari.

Kwenye simu aliisikia tofauti kabla sijamwambia. "Sauti imenona!" alisema. "Unaona? Ule moshi ulikuwa mbaya sana."

Nikasema ndiyo, Mama.

Wifi yangu ndiye aliyenivunja, bila kujua. Alipanda siku moja kuchukua ndizi, tukawa tunaongea, akasema kwa kicheko, "Mama ana vituko. Kila akikutana na mtu kanisani kule Pasua anamwambia waache kuni. Anasema yeye karibu amuue mkwe wake kwa moshi, akiwa anajiona anampikia." Kisha akaacha kucheka. "Kuna siku nilimkuta anamwomba Mungu msamaha kwa hilo. Nikamwambia, Mama, hukujua."

Nilimfungia ndizi zake. Alipoondoka nikaenda mpakani mwa kihamba, ambako masale yamepandwa kama uzio, nikachuma jani moja. Huku kwetu mtu aliyekosa hupeleka jani la isale kwa aliyemkosea, na likishatolewa, aliyekosewa hawezi kukataa kusamehe. Hata kesi kubwa za ardhi zimelainika kwa jani hilo. Nililifunga kwenye kitambaa, nikaliweka kwenye mfuko, na Jumamosi nikashuka Pasua. Mume wangu nilimwambia nakokwenda. Alinitazama, akasema, "Haya. Mwambie na mimi nilijua."

Nilimkuta uani, kwenye nyumba ya wapangaji wengi, ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, anapika mtori. Uani palikuwa na kelele za redio na watoto. Alikuwa amepungua kidogo, au nguo ndizo zilikuwa za mjini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nikuone." Akanishika mikono yote miwili. "Umejaa! Mungu ni mkubwa. Kaa."

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilikuwa nimepanga utangulizi mrefu, wa kuanza na tezi. Nikausahau wote.

"Mama, haikuwa moshi."

Aliendelea kukoroga. "Nini haikuwa moshi?"

"Ugonjwa wangu. Ni tezi ya shingoni. Haikuwa pumu. Nimepona kwa vidonge. Moshi wako haukunifanya chochote."

Mwiko ukasimama.

"Kwa hiyo sikukuumiza?"

"Hukuniumiza hata siku moja, Mama."

Akafumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, nikajua anaomba. Laiti mambo yangeishia hapo. Alipofumbua macho akaniuliza, "Ulijua lini?"

"Tangu kabla ya mvua. Na mume wangu anajua. Lakini Mama, hata kabla ya hapo, kabla ya daktari, nilijua jiko halijanisaidia. Sikupata nafuu ulipoondoka. Nilizidiwa."

"Na zile simu?"

"Nilikuwa nakudanganya."

Akafunika sufuria. Akachukua kipepeo, akapepea mkaa ambao haukuhitaji kupepewa. Alipoanza kuongea aliongea taratibu, hakupandisha sauti.

"Jiko nililitoa mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Nililia, usidhani sikulia, lakini nililitoa. Nikajiambia, nimemkosea mtoto wa watu bila kujua, lakini nimelipa, jiko limekwenda na yeye amepona. Nikawa nalala. Sasa unaniambia sikukosea. Nashukuru. Lakini unaniambia pia sikuponya mtu. Basi lilikwenda kwa ajili ya nini?"

Nikaingiza mkono kwenye mfuko. Aliona ncha ya kijani kabla haijatoka.

"Ni nini hicho?"

"Isale, Mama."

"Usilitoe."

"Mama..."

"Ukilitoa sina ruhusa ya kukataa. Na leo naitaka hiyo ruhusa." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba kitu kidogo ambacho ni haki yake. "Lirudishe. Tule kwanza, umetoka mbali."

Tukala. Alinipakulia bakuli lenye nyama nyingi kuliko la kwake. Aliniuliza vidonge namezaje, vinaniumiza tumbo, mtoto anasoma. Nilijibu kila kitu, na safari hii kila nilichojibu kilikuwa kweli. Nilirudi nyumbani na jani langu, likanyauka kwenye mfuko. Sijachuma lingine. Nadhani nikilichuma nitakuwa namlazimisha, na nimeshamlazimisha vya kutosha.

Mume wangu alijenga jiko lingine kabla ya Krismasi, pale pale, safari hii la tofali, lenye bomba la bati la kupeleka moshi juu. Hakunishauri na sikumwuliza. Krismasi watu wote wanapanda nyumbani, na Mama naye alipanda na wajukuu. Aliingia mle ndani, akaweka kiganja ukutani, akatazama bomba, akasema, "Mmejenga vizuri." Alipika humo sikukuu yote. Mwanawe alipomwambia kwamba tutamtafutia ng'ombe mwingine, abaki, alimjibu kwamba Pasua ameshazoea kelele, na kwamba mtoto wa mwisho wa wifi bado hajaanza shule. Alimjibu akitabasamu. Sote tulijua kwamba mtoto yule ana bibi mwingine mtaa wa pili.

Natamani angenigombeza. Mtu akikugomba kuna siku anamaliza. Mama hanigombi. Ananijali kama zamani, ananitumia unga wa lishe kwa watu wanaopanda, na anakaa Pasua.

Siku aliyoondoka baada ya mwaka mpya nilitaka kumbebea begi hadi barabarani. Akakataa. Tulipofika kwenye mteremko wenye utelezi akasimama, akanipa mshikio mmoja. "Shika huku." Tukalibeba pamoja, kila mtu upande wake. Gari la mume wa wifi lilikuwa linasubiri. Akaingia, akajifunga kanga vizuri, akashusha kioo.

"Dawa unameza?"

"Nameza, Mama."

"Meza."

Kioo kikapanda. Gari likashuka, likapinda kwenye migomba, na mimi nikabaki barabarani na mkono nilioinua kumpungia, kwa sababu sikukumbuka kuushusha.